Gundi ya seli za mimea zilizokuzwa tangini: losheni inaipenda, shampuu inaikataa

Kazi yangu ni kutengeneza losheni, krimu na jeli za nywele, na katika kazi hii gundi, yaani unga unaoshikanisha mafuta na maji na kuyapa uzito, ndiyo inayokujengea jina au kukuharibia. Mteja haji kukuambia gundi yako ni mbaya. Anakuambia losheni imejitenga mafuta juu maji chini, jeli inanata vidoleni, krimu imeacha unga mweupe shingoni. Kwa hiyo gundi mpya ikitokea huwa naitafuta. Hii ya sasa inatoka kwenye seli za mimea zilizokuzwa ndani ya matangi, hakuna mti wala shamba, na muuzaji anainadi kwamba inashika nafasi ya gundi ya mgunga, ya zanthani inayotolewa na bakteria, na ya gua itokanayo na mbegu za jamii ya maharage, kwa mpigo. Haishiki. Lakini kwenye losheni imefanya kazi ambayo sikuitarajia, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza tujue kinachouzwa. Ukikata kipande cha mmea ukakiweka kwenye sukari, madini na homoni, kinaacha kuwa jani au shina na kugeuka bonge la seli zisizo na kazi maalumu. Bonge hilo likitiwa kwenye maji ya virutubisho yanayotikiswa taratibu, seli zinaachana na kuelea. Virutubisho vinavyotumika sana mpaka leo ni vya fomula ya Murashige na Skoog ya mwaka 1962, kwa kawaida pamoja na gramu 30 hivi za sukari kwa lita. Seli ya mmea hujijengea ukuta, na baadhi ya malighafi za ukuta huo huzitoa nje. Ndani ya mmea zinanaswa kati ya seli na seli. Ndani ya tangi hakuna cha kuzinasa, zinayeyuka majini. Mwishoni seli zinachujwa, maji yaliyobaki yanamiminiwa alkoholi, gundi inajitenga kwa nyuzi, inakaushwa na kusagwa.

Kumbe basi gundi hii si seli. Ni kile seli zilichokitema. Nalisema hili mapema kwa sababu matangazo yanachanganya mambo mawili kwa makusudi, na nitalirudia.

Mnamo 1973 maabara ya Peter Albersheim nchini Marekani ilichunguza kuta za seli za mti uitwao Acer pseudoplatanus zilizokuzwa majini, na sukari ndefu iitwayo ziloglukani ilipatikana kwenye kuta zenyewe na pia kwenye yale maji. Jamii ya pili inayopatikana ni arabinogalaktani, sukari ndefu zenye matawi, zilizoungana na protini. Hizi ndizo zinazonihusu mimi, maana ni ndugu wa gundi ya mgunga. Kwenye gundi ya mgunga protini ni kidogo sana, kama asilimia 2, lakini ndiyo inayofanya kazi ngumu: inajishika kwenye tone la mafuta, na matawi ya sukari yanabaki nje majini yakizuia matone yasigusane. Ukiiondoa protini hiyo unabaki na maji yanayonata tu.

Unga nilioupata una rangi ya maziwa yaliyochujuka, laini kuliko gundi ya mgunga iliyosagwa, na una harufu hafifu ya sukari iliyokaribia kuungua. Harufu hiyo inapotea ukiweka manukato yoyote, ila kwenye losheni isiyo na manukato utaisikia ukifungua chupa. Niliyeyusha kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, nikapima alkoholi kali mara tatu ya maji hayo na kuimimina taratibu kwa kuzungusha glasi. Nyuzi nyeupe zilitokea papo hapo, zikajisokota kwenye kijiti kama pamba mbichi. Nikavukiza kimiminika kilichobaki kuona kama kuna sukari nyingi imefichwa humo. Kulibaki utando mwembamba tu chini ya kibakuli. Sawa. Muuzaji hajaongeza uzito kwa sukari.

Kuuyeyusha ni lazima uulowanishe kwanza kwa gliserini, kama gundi nyingine. Ukiumwaga mkavu majini unapata madonge ambayo nje yamelowa na ndani ni vumbi. Ukishalowa, unayeyuka haraka kuliko gua, na maji yanabaki na ukungu kidogo, hayawi angavu kabisa. Anayeuza jeli ya kuonyesha ndani ya chupa ya kioo alifikirie hilo.

Sasa losheni. Nilitumia sehemu moja ya mafuta kwa nne za maji, gundi asilimia 1, bila nta ya kuunganisha wala kiunganishi kingine chochote, makusudi ili gundi isijifiche nyuma ya mwenzake. Gundi ya mgunga kwa kiwango hicho hainitoshi. Kwa kawaida huidai nyingi zaidi ndipo itulie, na zanthani ukiiacha peke yake inazuia mafuta yasipande kwa sababu tu imeyafanya maji kuwa mazito, si kwa sababu imeyapenda mafuta. Hii niliipiga kwa blenda ya mkono, ikatoka nyeupe, nyepesi, matone madogo. Niliziweka chupa mbili: moja kabatini, moja pale penye joto karibu na dirisha. Ya kabatini haikujitenga. Ya dirishani ilipandisha tabaka la krimu juu, lakini hilo si kuvunjika: nilipoitikisa ilirudi kama ilivyokuwa, na hakuna tone la mafuta tupu lililoelea. Mwenye uzoefu anajua tofauti ya mambo hayo mawili inavyookoa biashara.

Nikaongeza zanthani kidogo tu, asilimia 0.2, ili kuyapa maji uzito, na tabaka lile likakoma. Huo ndio mchanganyiko ninaoupendekeza. Zanthani peke yake ikizidi inakuwa na ule mvuto wa ute unaofuata kidole, watu wengi wanauchukia, mimi mmojawao. Hapa ni kidogo mno kuhisika, na gundi ya seli yenyewe ukiipaka inateleza, inakauka, inaacha ngozi ikiwa laini bila kunata. Niliipaka mkono mmoja, ya mgunga mkono mwingine, nikaendelea na shughuli. Wa mgunga ulikuwa unakaza ngozi ilipokauka; huu haukukaza.

Chumvi haikuisumbua. Jeli za kabomu, zile nzito za plastiki ya akriliki, ukizinyunyizia chumvi zinageuka maji mbele ya macho yako, na jasho lina chumvi. Hii niliinyunyizia, nikakoroga, ikabaki vilevile.

Kwenye jeli ya nywele sina mengi ya kusema. Inashika, lakini ikikauka inakuwa ngumu na kupukutika vipande vidogo kama magamba, mpaka uongeze gliserini, na ukiongeza gliserini inavuta unyevu wa hewani na kulegea. Unga wa mbegu za kitani unafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Shampuu na kilainisha nywele ndipo iliponishinda. Gundi hii ina asidi ya uroniki kwenye matawi yake, maana yake inabeba chaji hasi, na vilainisha nywele vina chaji chanya. Ndivyo vinavyojishika kwenye nywele. Nilipovikutanisha, mchanganyiko ulitoa mabonge meupe ambayo hayakuyeyuka hata kwa kupasha moto. Gua haina shida hiyo kwa kuwa haina chaji. Ziloglukani nayo haina chaji, kwa hiyo kama muuzaji angetoa gundi yenye ziloglukani nyingi na arabinogalaktani kidogo ningeijaribu tena. Ila hapo linakuja swali ambalo hakuna broshua inayoligusa: ziloglukani imejaa kwenye mbegu za ukwaju. Viwanda vya nguo na vya karatasi vinatumia unga wa mbegu hizo tangu zamani. Kwa nini nikuze seli tangini kwa sukari na umeme nipate kitu ambacho kinatupwa pamoja na kokwa?

Jambo hilo la umeme lina uzito wake. Bakteria anayetoa zanthani, Xanthomonas campestris, anaongezeka kwa saa. Seli ya mmea inaongezeka kwa siku. Ni kubwa, ina ukuta dhaifu, ukiikoroga kwa nguvu inapasuka, kwa hiyo tangi linazungushwa polepole. Na hapa ndipo penye kejeli ya biashara yenyewe: kadiri seli zinavyotoa gundi, ndivyo maji yanavyozidi kuwa mazito, na maji mazito hayapitishi oksijeni vizuri, na seli zisizopata oksijeni haziendelei kukua. Bidhaa inajizibia njia. Ongeza hofu ya kuvu au bakteria mmoja kuingia katika siku zote hizo kwenye maji yenye sukari, tangi zima linamwagwa.

Ndiyo sababu mafanikio makubwa ya mwanzo ya seli za mimea viwandani yalikuwa ya vitu vinavyouzwa kwa gramu. Mwaka 1983 kampuni ya Mitsui Petrochemical ya Japani ilianza kutoa shikonini, rangi nyekundu ya mizizi, kutoka kwenye seli za tangini, na ikaingia kwenye rangi ya midomo. Rangi unaiweka kidogo na inalipa. Gundi inauzwa kwa tani. Mwenye kiwanda cha bahasha, cha wino wa kuchapia, cha rangi za maji za wachoraji, au cha unyevu unaopakwa kwenye bamba za kuchapisha ili wino usishike pasipotakiwa, huyo anatumia gundi ya mgunga kwa magunia na hana sababu ya kuiacha kwa ajili ya uzuri wa maabara. Achilia mbali wachimbaji wa mafuta ya petroli, ambao mahitaji yao ya gua yalipandisha bei ya dunia nzima mwaka 2011 na 2012 hata sisi watu wa krimu tukahangaika.

Hata hivyo siwezi kusema wazo ni la bure. Gundi ya mgunga inategemea miti inayopasuliwa gome na mkono wa mtu, na Sudan ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi. Ni bidhaa yenye uzito kiasi kwamba Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997 iliiachia gundi hiyo ipite. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeonyesha tena jinsi mnyororo huo ulivyo mwembamba. Na hata kukiwa na amani, gunia na gunia hayafanani: mvua, umri wa mti, na kama mtu kachanganya gundi ya Acacia seyal na ya Acacia senegal. Ya pili ndiyo bora kwa kushika mafuta. Gundi ya tangini niliinunua mara ya pili baadaye, kundi tofauti, na losheni ilitoka ileile, rangi ileile, uzito uleule. Kwa anayetengeneza maskara, ambako gundi ya mgunga inatumika sana, utulivu wa namna hiyo una thamani.

Sasa lile la matangazo. Makopo ya krimu yameandikwa "seli shina za mimea" kwa herufi kubwa, na maarufu kupita zote ni za tufaha la Uswisi aina ya Uttwiler Spätlauber. Hayo ni madondoo ya seli zilizopasuliwa, si gundi, na wala hakuna seli hai humo. Seli ya mmea haiwezi kuishi kwenye krimu yenye kihifadhi, na kwa ukubwa wake haipenyi ngozi. Muuzaji wa gundi hii amejipachika kwenye umaarufu huo. Kwenye karatasi yake kuna picha ya seli inayong'aa na maneno ya kufufua ngozi. Gundi hii haifufui kitu. Inashika mafuta na maji, inaacha utando laini, basi, na hiyo ni kazi ya heshima. Kwenye lebo tazama nafasi yake: viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaruhusiwa kupangwa vyovyote, kwa hiyo jina tamu likitokea katikati ya orodha halikuambii kiasi.

Usisahau kihifadhi. Gundi yoyote ya sukari ni chakula cha kuvu, hata ikitoka kwenye tangi safi namna gani. Mimi naweka fenoksiethanoli, ambayo sheria ya Ulaya inairuhusu isizidi asilimia 1, pamoja na kiungo cha kuipa nguvu.

Kwa losheni na krimu nyepesi naendelea kuinunua. Kwa shampuu nimebaki na gua. Kabla hujaagiza, omba hati ya kundi: mmea gani, sukari zipi na kwa uwiano gani, alkoholi iliyobaki, hesabu ya vijidudu, na mabaki ya homoni. Hili la mwisho watu hawaliulizi. Homoni inayotumika sana kukuzia seli ni 2,4-D, ileile inayouzwa kama dawa ya kuua magugu. Kwa kiwango cha maabara ni kidogo, na kuosha gundi kwa alkoholi kunatoa sehemu yake, ila kwenye kitu cha kupaka usoni nataka namba. Muuzaji wangu alijibu yote kwa siku moja isipokuwa hilo. Aliandika "chini ya kiwango cha kipimo" bila kutaja kipimo chenyewe kinaanzia wapi. Nimemwandikia tena.