Jenereta ya dizeli ya kVA 5 (injini 186F): kwa nyumba isiyofikiwa na laini ya umeme, chukua ya wazi

Ukiulizia jenereta ndogo ya dizeli kwenye masoko ya Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, utaoneshwa majina mengi na rangi nyingi. Angalia kibati cha injini: nyingi zimebeba injini ile ile, 186F au 186FA. Ni silinda moja inayopozwa kwa upepo, yenye muundo uliofuata Yanmar L100. Tathmini hii inaipima kwa kazi moja tu, kusaidia nyumba yenye sola na betri iliyo mbali na nguzo za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, iwe Micheweni kule Pemba au pembezoni mwa Michamvi, Unguja. Kwa kazi hiyo inafaa sana. Inavumilia kuendeshwa mara kwa mara kuliko jenereta ya petroli ya bei nafuu. Waliokaa Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, umeme unaotoka Bara ulipokatika, wanajua hizo za petroli zilivyochoka. Ila nyingi ya hizi za dizeli zinazorudishwa kwa fundi zikiitwa mbovu zimeuliwa na mafuta machafu, mzigo mdogo wa umeme au joto.

Inauzwa kwa maumbo mawili. Ya wazi ni fremu ya mabomba tu, karibu kilo 100, watu wanne wanaishusha kwenye boti bila taabu. Ya boksi, inayouzwa kwa jina la kimya, inafika kilo 150 na zaidi. Boksi linapunguza kelele kweli, na kama jirani yuko ukuta kwa ukuta hilo lina uzito wake. Kwa nyumba iliyo peke yake pwani, hatulipendekezi. Chumvi ikiingia ndani haioshwi, joto linazunguka mle mle, na kubadili filta tu kunataka ufungue milango na bolti. Kubwa zaidi, za boksi nyingi hazina kamba ya kuvutia. Betri ikifa usiku, umekwisha. Ya wazi ina ufunguo na kamba: vuta kamba polepole mpaka iwe ngumu, irudishe, bonyeza kile kishikio kidogo cha kupunguza kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) juu ya kava la vali, kisha vuta kwa nguvu kwa mikono miwili. Kishikio hurudi chenyewe na mashine inawaka.

Hiyo kVA 5 kwenye stika ni kilele. Tafuta uwezo wa kudumu, ambao kwa kawaida ni kW 4.2 hadi 4.6. Chukua kW 4.5 kwa volti 230, unapata ampea 19 na ushei, na hapo usikae saa nyingi. Mahali pazuri pa injini hii ni kW 2.7 hadi 3.4. Inakula takriban gramu 280 za dizeli kwa kila kWh, kwa hiyo mzigo wa kW 3 ni karibu lita moja kwa saa.

Watu wengi huogopa kuizidishia. Hatari iliyo kubwa zaidi kwenye nyumba za sola ni kuipunguzia. Taa nne, televisheni na friji ndogo havifiki hata kW 0.5, silinda haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na baada ya wiki kadhaa utaona mafuta meusi mazito yakichuruzika kwenye maungio ya ekzosi. Ndani, ukuta wa silinda unang'aa kama kioo, ringi hazishiki, oili inapanda na moshi wa buluu unaanza. Kwa hiyo usiiwashe kwa ajili ya taa. Iwashe pale betri za sola zinapokuwa chini, zichaji kwa nguvu, na pampu ya kisima ifanye kazi saa hiyo hiyo. Chaja ya volti 48 ampea 50 peke yake inavuta karibu kW 3, na inaendana na mashine hii vizuri sana. Chaja ya volti 24 ampea 40 inavuta kama kW 1.1 tu, iongezee pampu au pasi. Pampu ya hp 1 iwashwe kwanza, kabla ya vitu vingine, kwa sababu wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Mashine iliyokwisha kuanza kuchuruzika iendeshe saa mbili kwa mzigo wa robo tatu; mara nyingi inajisafisha.

Sasa mafuta. Dizeli yetu inapita mikono mingi: kituo, dumu, gari ya shamba, boti. Ikifika ina maji, na hewa ya pwani inaongeza mengine ndani ya tangi lililo nusu. Pale maji na dizeli vinapokutana huota utelezi mweusi unaoziba filta. Dumu la lita 20 liache lisimame usiku kucha, vuta kwa mpira kutoka juu, na lita moja au mbili za chini usizitie. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo: ukiona mstari chini, hayo ni maji. Tangi lijaze ukimaliza kazi, usingoje siku ya kuwasha. Filta ya injini hii imo ndani ya tangi, chini kwenye njia ya kutokea, kwa hiyo wasioijua huapa kwamba haina. Weka mbili za akiba.

Mashine ikiwaka, ikaenda dakika moja kisha ikazima, legeza kwanza mfuniko wa tangi. Ikiendelea vizuri, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Ikizima tena, filta. Na ukishafungua njia ya mafuta lazima utoe upepo, vinginevyo utavuta kamba mpaka magharibi. Fungua koki ya tangi, legeza mpira unaoingia kwenye pampu ya nozeli (nozeli ndiyo inayopuliza dizeli ndani ya silinda) mpaka mafuta yatoke bila povu, kaza. Kisha legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye nozeli, kwa kawaida spana namba 17, weka wenzo wa mafuta kwenye kuwasha, bonyeza kishikio cha kompresheni na zungusha injini mpaka dizeli itoke safi. Kaza, futa, washa. Nozeli ikiwa imetolewa nje usiweke mkono mbele yake: inapuliza kwa karibu bar 200 na mafuta yanapenya ngozi. Ukiirudisha, ile washa ya shaba, yaani pete bapa inayokaa chini yake, iwe mpya.

Oili ni lita 1.65 ya 15W-40 ya dizeli. Mwaga ya kwanza baada ya saa 20, halafu kila saa 100, na kila mara toa chujio la waya lililo karibu na bolti ya kumwagia, lioshe kwa dizeli. Oili ikipungua, swichi ya usalama inazima injini au inakataa kuiwasha, basi pima oili kabla ya kulaumu pampu. Oili ikiongezeka kwenye kijiti cha kupimia na kunuka dizeli, pampu ya nozeli inavujia ndani. Usiiwashe kabisa. Injini inaweza kuanza kula oili yake na kupaa mizunguko, na wenzo wa kuzimia hausaidii tena. Dawa ni kuziba njia ya hewa kwa kipande cha ubao, mkono usitumike. Nafasi ya vali ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi.

Injini inakwenda lakini soketi haina umeme? Mizunguko kwanza: 3000 kwa dakika ndiyo Hz 50, na bila mzigo mita ya Hz isome 51 hadi 52. Halafu brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka. Huku pwani pete za rota huota ukungu wa kijani. Zipitie kwa msasa laini namba 400. Bado? Zima breka ya umeme, chomoa waya mbili za AVR, kifaa kinachorekebisha volti, zinazokwenda kwenye brashi na uziwekee alama, washa injini, gusa kwa betri ya volti 12, chanya kwa chanya, sekunde moja au mbili. Soketi ikionyesha volti makumi kadhaa, rota na statora, ile koili iliyotulia, ni nzima. Rudisha waya, umeme usiporudi, nunua AVR.

Kuhusu kibanda: kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, hivyo ekzosi na hewa ya moto vikielekea magharibi havirudishwi ndani msimu wowote. Ukuta wa mashariki uzuie chumvi, lakini acha mita moja kuzunguka mashine. Na kisiwe kibanda kilichoshikana na chumba cha kulala, moshi wake unaua.

Dukani, omba iwashwe ikiwa baridi, tena kwa kamba. Ipe mzigo wa kW 3, hita au pasi tatu, kwa dakika ishirini na mita ya Hz mkononi. Ikishuka chini ya 49 iache. Uliza ni 186F ya cc 406 au 186FA ya cc 418, na jibu liandikwe kwenye risiti, kwa sababu krenki hazifanani na muuza vipuri atakuuliza. Hata hivyo, ukienda kununua nozeli au pistoni, chukua ile ya zamani mkononi.