Nairobi hadi Mombasa na watoto wadogo: treni au ndege? Anza kwa kuhesabu mapaja

Desemba iliyopita binti yangu alitimiza miaka miwili tukiwa Kisauni kwa nyanya yake. Tulimkatia keki, tukampiga picha na binamu zake, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba siku hiyo hiyo tiketi yake ya kurudi Nairobi ilikuwa imeharibika.

Tiketi za ndege nilimwachia wakala, kijana mpole anayejibu simu upesi kabla hujalipa. Nilimtumia vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili. Akaniambia, "Mama, usijali, huyu mdogo ni wa kupakata, analipa kidogo tu." Kwenda, kweli tulimpakata. Kurudi, dada wa kaunta alikitazama cheti, akakirudia, kisha akaniwekea kidole kwenye tarehe: mtoto ameshatimiza miwili, hapakatwi tena, sharti awe na kiti chake. Kiti kilikuwepo, lakini kwa bei ya siku ile, na bei hiyo ilizidi tiketi yangu mimi mtu mzima niliyoilipia wiki sita kabla. Binti amenilalia begani, dera limelowa mate, foleni nyuma yangu inaguna, nami natafuta namba ya siri ya M-Pesa kwa kidole gumba kimoja. Wakala nilimpigia mara nne. Hakushika.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza apande nini na watoto, simjibu kwa bei wala kwa saa. Bei utaiona mwenyewe, na kwamba ndege ina mbio kuliko treni hilo halihitaji mwongozo. Mimi nauliza: mtoto atakaa wapi, juu ya nani, kwa muda gani?

Shika umri wa mtoto uupime hivi. Kwenye ndege, aliye chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo ya nauli. Akifika miwili anakuwa abiria mwenye kiti, na umri unahesabiwa siku ya kusafiri, si siku ya kukata tiketi. Kwa hiyo kwenda na kurudi vinaweza kuwa na hukumu mbili tofauti. Tena mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Mama mwenye pacha wa mwaka mmoja anayesafiri peke yake ajue hilo kabla hajalipa, maana mapaja yake mawili yanahesabiwa kama nafasi moja.

Kwenye treni ya Madaraka, aliye chini ya miaka mitatu ni bure, na kuanzia mitatu hadi kumi na mmoja ni nusu nauli. Sisi tukisikia bure masikio yanasimama. Lakini bure maana yake hana kiti. Mtoto wa miaka miwili na nusu ana kilo kama kumi na mbili, yaani nusu bela ya unga, na ya kwako ina miguu inayorusha mateke, inataka maji, inataka kuchungulia dirishani, haitaki tena dirisha. Utaipakata kutoka kituo cha Syokimau, Nairobi, hadi cha Miritini, Mombasa, saa tano au sita. Kwa hiyo mtoto wa kati ya miwili na mitatu ndiye mgumu kuliko wote: ndege inamtoza kiti kwa safari isiyofika saa moja angani, na treni inamchukua bure juu ya magoti yako nusu siku.

Sasa nipange, kuanzia ninayoipenda.

Nambari moja ni Madaraka, daraja la kwanza, ile ya saa mbili asubuhi, na siyafichi mapenzi. Viti ni viwili huku na viwili kule, vipana kuliko vya daraja la kawaida, na baba na mama mkikaa pamoja hamna mgeni katikati wa kupigwa mateke. Mgawane mapaja kwa zamu mnazozipanga kabla hamjaondoka, la sivyo mmoja atalala hadi Voi. Kama baba hasafiri, chukua mdogo wako, chukua shangazi, yeyote mwenye magoti. Mtoto akichoka kukaa anatembezwa kwenye njia ya katikati, anapelekwa hadi behewa la chakula, anarudi. Ndege haikupi nafasi hiyo, taa ya mkanda ikiwaka umefungwa naye.

Nasisitiza ya asubuhi kwa sababu mbuga ya Tsavo unaipita mchana. Kijana wangu wa miaka minne aliwaona tembo wamejipaka ule udongo mwekundu akapiga kelele, "Mama, tembo wana hina!" Alikaa kimya akiwatafuta wengine kwa dakika ishirini, na dakika ishirini za kimya, aliye na watoto anajua thamani yake. Treni hii inasimama njiani, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, na kila kituo ni jambo jipya la kuonyesha dirishani. Ile ya saa tisa alasiri ina mbio zaidi, lakini giza linakukuta njiani na mtoto anabaki kutazama uso wake kwenye kioo. Ya saa nne usiku mimi siipendekezi kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano. Watu husema atalala. Atalala, ndiyo, juu yako, halafu umwamshe Miritini kabla ya adhana ya alfajiri ukatafute gari.

Nauli ya daraja la kwanza ni shilingi 4,500 tangu Januari 2024, na mtoto wa nusu ni 2,250. Kwa familia yangu, wakubwa wawili, wa nusu mmoja na wa bure mmoja, ni 11,250 kwenda. Si kidogo. Kabla ya hapo ilikuwa 3,000, ikapandishwa kwa nusu yake kwa mpigo mmoja, na daraja la kawaida likatoka 1,000 hadi 1,500. Treni hii ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017 nauli ya kawaida ilikuwa 700. Mwenye watoto watatu wa shule anahisi kila mia ya nyongeza, na inaniuma kwamba familia zilizozoea kwenda pwani kila likizo sasa zinakwenda mara moja kwa mwaka.

Ya pili ni ndege, na kwa watu wawili naipandisha hadi ya kwanza. Mmoja ni mwenye mtoto mchanga wa chini ya mwaka, mmoja tu: anapakatwa chini ya saa moja, ananyonya, mmefika. Lakini usimnyonyeshe wakati wa kupaa ukamaliza maziwa yote. Masikio yanauma zaidi wakati wa kushuka, na Nairobi hadi Mombasa kushuka kunaanza mapema, hata hujamaliza kufunga kifungo. Mwekee titi au chupa kwa ajili ya hapo. Wa pili ni anayekwenda Diani, maana zipo ndege zinazotua Ukunda kabisa na feri ya Likoni huioni. Ingawa siku hizi barabara ya Dongo Kundu imepunguza uzito wa hoja hii, kwani kutoka upande wa Miritini unafika Kwale bila kuvuka kwa feri.

Kabla hujalipia ndege, soma kama bei ni pamoja na begi. Bei ndogo inayong'aa kwenye tangazo mara nyingi ni ya mtu na mkoba wa mkononi, na mwenye watoto hasafiri na mkoba. Nepi pekee zinajaza huo mkoba.

Ya tatu, treni daraja la kawaida. Viti vitatu huku, viwili kule, vinatazamana, magoti kwa magoti na usiowajua. Watoto wenye tiketi zao watafika salama. Wa kupakata, hapana. Basi la barabarani nimelipanda na watoto mara moja na sina zaidi la kusema.

Kuhusu mawakala nina la kusema. Tiketi ya treni unaikata mwenyewe kwa *639# au kwenye tovuti, unalipa kwa M-Pesa, jina na namba ya kitambulisho ni vyako. Anayekuuzia kituoni tiketi yenye jina la mwingine anakuuzia karatasi, na ikifika Desemba na Idd wanakuwa wengi. Wakala wa ndege naye anachukua ada yake, basi aitolee jasho: akiona tarehe ya kuzaliwa inaangukia kati ya kwenda na kurudi, aseme. Yule wangu alikuwa na cheti mkononi. Alikisoma hadi pale palipomtosha kunitoza. Nilipompata wiki mbili baadaye aliniambia, "Lakini mama, tarehe ya mtoto si unaijua wewe?" Naijua. Nilikuwepo. Sheria ya kampuni ya ndege ndiyo niliyokuwa nikimlipa aijue yeye.

Fika kituoni saa nzima kabla, au zaidi, kwa sababu mizigo inapangwa chini kwa mstari inuswe na mbwa, kisha inapita kwenye mashine, na yote hayo una mtoto mkononi. Tiketi na kitambulisho viweke kwenye kipochi cha shingoni, visiwe ndani ya begi. Chakula cha watoto pika nyumbani. Nguo moja ya kubadilisha iwe juu kabisa ya mkoba, na yako wewe pia.

Safari ya Idd nimeshakata: mbili kubwa, moja ya nusu, saa mbili asubuhi. Binti hajafika mitatu, kwa hiyo atapakatwa na babake hadi Mtito Andei. Kuanzia hapo ni mimi.