Tripodi ya pweza kwa sevu ya tenisi, inamfaa asiye na kocha?

Wadau karibuni tena. Leo nachambua hii tripodi ya pweza, hii ya miguu inayojikunja, ila siichambui kwa watu wa kupiga picha, naichambua kwa wewe unayecheza tenisi, huna kocha na sevu, lile pigo la kuanzisha pointi, inakusumbua.

Cheki, nazungusha miguu kwenye waya wa fensi hivi, simu imekaa. Shida ya sevu ni kwamba hujioni. Raketi na mpira vinagusana kama milisekunde 5 tu, sasa video ya kawaida ya fremu 30 kwa sekunde, fremu moja mpaka nyingine ni milisekunde 33, unakuta raketi bado iko nyuma, fremu inayofuata mpira ushaondoka! Weka slomo, ile video ya mwendo wa polepole, ya fremu 240 kwa sekunde, hapo utaona umeupigia wapi. Rekodi mchana lakini, giza likianza slomo haionyeshi kitu.

Anza na kurusha mpira, mengine yaache kwanza. Simu iwe fensi ya nyuma, rusha, usipige, uache udondoke. Kama unatumia mkono wa kulia udondoke mbele ya mguu wa kushoto, ndani ya uwanja kidogo, ukidondokea nyuma ya kichwa basi ndo maana sevu zako zinaruka nje. Mkono unaorusha unyooke, mpira uuachie usawa wa macho, usiuzungushe na vidole. Na hata kwenye mechi ukirusha vibaya udake urudie, sio folti, yaani haihesabiwi kosa la sevu, ilimradi hujajaribu kuupiga.

Ukishatulia hapo hamishia simu fensi ya pembeni, angalia raketi inavyopanda. Uso wake ukitazama juu kama mhudumu kabeba sinia, kagua gripu yako kwanza, yaani unavyoshika raketi, shika ile ya kontinenti, kama umeshika nyundo, raketi ipande kwa ukingo, uso uugeukie mpira ukikaribia kuupiga.

Ubaya wake sasa. Miguu inalegea ukiitumia sana, simu nzito inainama upepo ukivuma, na kishikio kinabana kitufe cha sauti usipoangalia. Rimoti wala huihitaji, bonyeza rekodi nenda kapige.

Mimi naipa nane kwa kumi, na naona inakusaidia kuliko vile vidude vya kufunga mkononi kwa sababu hii unaona kosa lako mwenyewe. Dukani ikunje mguu kwanza, ukibaki ulivyoukunja chukua, ukirudi wenyewe iache hapo hapo.