Steshenari karibu na Nyerere Square, Dodoma: nyota tano

Mwenye kazi ya kuchapisha Dodoma hapa asipite. Mimi ni mfiziotherapia (sisi ndo wa kutibu viungo kwa mazoezi), tulikuja watatu kutoka Moshi na hoja yetu ya kuomba fani iwe na sheria yake na baraza lake, maana maabara wana yao tangu 2007, radiolojia (picha za eksirei) na optometria (upimaji wa macho) nao 2007, sisi tumetiwa kwenye kapu la afya shirikishi, yaani fani nyingine za afya zilizorundikwa pamoja, ndani ya ile sheria ya madaktari ya 2017. Kenya wenzetu walipata ya kwao 2014. Inauma jamani, mtu anajifunza kuchua wiki mbili anabandika bango la fiziotherapia, mgonjwa wa kiharusi anavutwa mkono mpaka bega linaachia.

Sasa kesho yake saa tatu asubuhi tulitakiwa Wizara ya Afya kule Mtumba (miswada mingi inatoka serikalini, ndo maana unaanzia huko kabla ya wabunge), na kabrasha tulilochapisha kwingine jedwali limekatwa pembeni, safu ya "sababu" haipo kabisa! Na hiyo ndo roho ya kabrasha, unaweka kifungu, hali ilivyo, pendekezo, sababu, mkubwa hana muda wa kurasa 40 anaruka kwenye sababu.

Tumefika pale saa moja usiku wanataka kufunga. Kijana wa kaunta akasema lete flashi dada tuone. Akalaza ukurasa, akapunguza maandishi kidogo, akatoa nakala moja kwanza tuikague ndo atoe zote 30, hilo nimelipenda sana. Umeme ukakata katikati, akawasha jenereta na hakuongeza hata mia. Fotokopi sh 100 ukurasa, kufunga kwa spairo sh 2,000.

Anatoboa mashimo huku anasoma, mara akauliza, "Kumbe nyie ndo wale wa mazoezi? Mama yangu alipopata kiharusi mlimfundisha kushika kikombe upya." Afu akatuonyesha ukurasa wa 12, tumeandika "mfiziotherapia asiyesajiliwa ataruhusiwa kutibu", tulitaka "aliyesajiliwa". Herufi moja tu, tungepeleka wizarani ombi la kuwahalalisha haohao wanaotuumizia wagonjwa. Watatu wote tulishaisoma ile kurasa na hatukuona, nilimshika mkono yule kijana nikamshukuru mpaka akaona aibu. Ukurasa huo akauchapa upya nakala zote, bure.

Kasoro zipo, viti hakuna tumesimama masaa mawili, na risiti mpaka uombe.

Mtumba ofisa aliyetupokea alifungua jedwali, akaweka kidole kwenye sababu akasoma taratibu mpaka chini, akaomba nakala mbili za ziada. Jibu bado tunalisubiri. Tukirudi kuonana na wabunge wa kamati tunachapisha palepale, ila wewe ukiwa na kazi kubwa wahi kabla ya saa kumi na mbili jioni.