Zotero: kabati la kurasa zangu

Nina kahawa kidogo Kabare, lakini nalala Kadutu, mjini Bukavu, na mambo mengi ya kilimo nayasoma usiku kwenye intaneti. Zamani nilikuwa najitumia viungo kwa WhatsApp. Siku kutu ya majani, ugonjwa wa kahawa, ilipoingia shambani, nilitafuta ule ukurasa unaoieleza mpaka mega (data ya intaneti) zikaisha. Nilipoupata, ulikuwa umeshafutwa.

Sasa natumia Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga kurasa na makala, kwenye kompyuta. Nabonyeza kitufe kimoja kwenye kivinjari, nayo inaweka kichwa, anwani, tarehe, na nakala ya ukurasa wenyewe. Hilo ndilo lililonishika: hata bila mega, nafungua na kusoma. Ukurasa mmoja unakaa katika mafaili mawili, "magonjwa" na "kukausha", bila kunakiliwa mara mbili. Nikiandika neno "kutu", inatafuta hadi ndani ya PDF.

Ni bure. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, na PDF zenye picha zinaijaza haraka, ukitaka zaidi unalipa. Mimi naacha vitu kwenye kompyuta, na kila Jumapili nanakili folda nzima kwenye flashi.