Jiko kapu la elfu arobaini: limenilipa, ila nililifumua kwanza

Konda aliniambia kuku hawakai mbele. Nikamfunulia kapu aone mwenyewe: hamna kuku, kuna mto. Akauliza, basi mtoto yuko wapi? Abiria wakaangua kicheko. Ndivyo nilivyorudi Mtwara kutoka Nanenane ya Ngongo kule Lindi, kilomita 100 na ushei, jiko kapu limenijaa mapajani na pochi imepungua shilingi 40,000.

Kwa asiyelijua: ni kapu la ukindu, pana kama beseni la kufulia. Ndani limetandikwa kitambaa kilichojazwa vitu laini, na juu lina mto mnene wa kufunikia. Moto halina. Unabandika chungu chako kama siku zote, kikishatokota sawasawa unaipua, unakitumbukiza kapuni na mfuniko wake, unakandamiza mto juu, unakwenda zako. Joto lililomo linamalizia kazi. Sufuria ukiiacha mezani, upepo unaibia joto lake. Ukiizungushia sufi, joto halina pa kupitia. Na kunde au mbaazi hazitaki maji yarukeruke saa tatu. Zinachotaka ni kukaa kwenye joto kali kwa muda mrefu, basi.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Magomeni ya hapa Mtwara. Kupika huku nashona maana yake ni kuunguza. Mteja anakuja kupimwa kiuno, unamaliza kiuno anataka na mkono, ukinusa harufu umeshachelewa. Sikununua kapu kwa kupenda mazingira, nisiwadanganye. Nililinunua kwa sababu ya mbaazi zilizoshika chini.

Naanza na chakula, maana kapu lisiloivisha ni pambo.

Mbaazi kavu ndiyo kazi yake. Agosti zilikuwa zimetoka shambani, bei nzuri, nikanunua za kutosha. Naziloweka usiku, asubuhi nazitokotesha dakika 20, kisha kapuni. Baada ya saa nne nafunua, zimelainika zote, hakuna iliyopasuka na kugeuka uji, hakuna iliyoshika chini. Kunde vivyo hivyo, choroko hata saa mbili hazifiki. Maharage mekundu usiyafanyie haraka: yana sumu yake ambayo haifi mpaka yatokote kwelikweli, si chini ya dakika 10, na joto la kapuni peke yake haliiwezi. Mimi nayapa dakika 20 hadi 25 za moto wa kweli, ndipo naipua.

Pweza ndiye aliyenishangaza. Siku zote nimepigana naye: kumponda kwanza, kumchemsha, kumchoma uma, bado mpira. Nikamtokotesha robo saa na kitunguu bila kuongeza maji mengi, nikamfungia kapuni, nikashona gauni moja mpaka pindo. Nilipomtoa, kisu kiliingia chenyewe. Kama ningepewa kapu hili kwa ajili ya pweza tu, ningelipokea.

Wali unaiva, tena punje imesimama, ila uzoee maji. Humu mvuke hautoki, kwa hiyo maji uliyozoea yatakupa bokoboko. Mimi nilipunguza karibu kikombe kimoja kwa kilo. Kasoro yake nyumbani kwangu imezua kesi: hakuna ukoko. Wanangu wawili wamezoea kugombania ukoko wa wali uliopaliwa makaa juu ya mfuniko, na sasa sufuria inatoka safi kama imeoshwa. Mdogo aliniuliza kama wali umeharibika. Ijumaa tunapika wa kupalia, siku zilizobaki wavumilie.

Ugali sahau. Chapati sahau. Samaki wa kukaanga sitaji. Ming'oko, vile viazi vya porini, sikujaribu, sioni sababu, inaiva haraka. Njugu mawe zilinishinda: saa tano kapuni na bado zinagonga meno, nikazirudisha motoni kwa aibu.

Na kuna siku nilijitakia mwenyewe. Jumamosi usiku nilitia mbaazi pamoja na tui lake zito kabisa, nikafunga, nikasema kesho mchana nitakuta chakula tayari. Nilichokuta kimechacha, kinatoa povu. Kapu halichemshi, linachelewesha kupoa tu. Saa za mwanzo chakula kina moto wa kutosha, lakini kuanzia usiku wa manane kinabaki vuguvugu, na vuguvugu ndiko wadudu wa kuchachusha wanakoanzia harusi. Siku hizi tui linaingia mwisho, baada ya kapu, dakika chache motoni. Na chochote kilichokaa humo zaidi ya saa sita nakichemsha upya kabla ya kula.

Sasa ufundi wa kapu lenyewe, na hapa ndipo nina maneno.

Ukindu sina ugomvi nao. Ukili umesukwa ukakaza, mshono wa kuunganisha duara kwa duara ni wa mkono wa mtu anayejua, vishikio vimezungushiwa kamba mara mbili. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni mosi 2019 makapu yamerudi sokoni kwa wingi, na mengine ni ya kulipua, ukitia viazi kilo tatu kishikio kinakubakia mkononi. Hili si la aina hiyo.

Tatizo ni tumbo lake. Muuzaji aliniapia kwamba limejazwa sufi tupu. Wiki ya tatu nikaona upande mmoja umebonyea, sufuria inapoa upande huo mapema. Fundi hawezi kuona kitu kimebonyea akakiacha. Nikatwaa wembe, nikafumua mshono wa pembeni. Sufi ilikuwepo, kiasi cha viganja viwili, juu kabisa, pale ambapo mnunuzi anabonyeza kwa kidole. Chini yake vipande vya sponji, magazeti yaliyokunjwakunjwa, na kitu nilichokitambua kuwa soksi. Soksi moja. Sponji si mbaya, na hata magazeti yanazuia joto kidogo yakiwa makavu, lakini mvuke ukishayalowesha yanalala kama karata na hayanyanyuki tena. Kilichoniudhi ni kiapo. Angesema tu ni sponji na matambara ningempa pesa yake nikashukuru.

La pili, kitambaa cha ndani kilikuwa kile cha kung'aa, cha kutengenezea vitambaa vya makochi. Kizuri kwa macho. Siku ya kwanza ilipobebwa chembe ya kaa chini ya sufuria, kikajikunja na kuacha tundu la ukubwa wa kifungo, na harufu ya nywele zilizoungua ikakaa jikoni mpaka magharibi. Atakayelinunua afute tako la sufuria kwa tambara bichi kila mara. Na hata hivyo, kitu kinachopokea sufuria ya moto hakitakiwi kuwa cha nailoni.

Mama alikuja Oktoba kutoka Newala, minada ya korosho ikiwa imeanza na sare za harusi na ngoma zimenizidi. Alipoona kapu alilizunguka mara mbili bila kusema kitu.

"Mwanangu, na kuni zako ziko wapi?"

"Hakuna kuni, mama. Chakula kimelala, kinaiva."

"Chakula kinaiva kikilala? Basi na mimi nilale, nitaamka kijana."

Siku ya nne akawa ndiye anayelifunga. Kilichomgeuza hakikuwa mkaa, yalikuwa maji. Mama amekulia kule juu kwenye uwanda wa Makonde, enzi maji ni ya kuteremkia bondeni na kupanda nayo kichwani, na mpaka leo hawezi kuona mtu akiongeza kikombe kwenye chungu cha mbaazi kila nusu saa asigune. Kapuni huongezi. Maji uliyotia ndiyo unayoyakuta. Akasema, "Hiki kitu kimetungwa na mtu aliyebeba ndoo." Ni yeye pia aliyesema kitambaa cha ndani kiwe kaniki: ni pamba, hakiyeyuki, na weusi wake unameza masizi. Tukafumua mito yetu miwili ya zamani iliyokuwa na sufi ya kweli, tukachanganya na vipande vinavyodondoka chini ya cherehani, ambavyo zamani nilikuwa navichoma nyuma ya nyumba kila Jumapili moshi ukawaudhi majirani. Kapu likavimba. Tulipolijaribu, mbaazi zilizokuwa zikichukua saa nne zikaiva kwa tatu.

Kuhusu mkaa, ninayo hesabu kwa sababu daftari langu la vipimo vya wateja lina kurasa za nyuma. Gunia moja, ninalonunua kwa 32,000, lilikuwa linaniishia wiki tano. Sasa linafika nane. Katika wiki 20 tangu Agosti ningechoma magunia manne, nimechoma mawili na nusu. Hiyo ni 48,000 iliyobaki mkononi, kapu limeshajilipa na chenji ya 8,000 juu. Mkaa wenyewe unajua unakotoka: ukisafiri barabara ya Lindi unaona magunia yamepangwa kando ya lami, na kila mwaka wauzaji wanasema wameufuata mbali zaidi.

Kuna watakaosema, kwa nini usihamie gesi, na wewe unaishi Mtwara? Swali hilo huku linachekesha kidogo. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika 2015, na baadhi ya nyumba za mjini hapa zimeunganishwa. Yangu bado. Nilicho nacho ni mtungi wa kilo 6, na iliyomo ndani si ile ya Mnazi Bay, ni gesi nyingine inayoletwa na meli kutoka nje. Naitumia kwa chai ya asubuhi na kwa kuchemsha kile kinachokwenda kapuni nikiwa na haraka. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na ninawaombea heri, lakini mbaazi za saa tatu kwenye mtungi mdogo ni kuchoma noti. Dakika 20 za gesi halafu kapu, hapo mtungi unakaa. Kapu halina ugomvi na moto wa aina yoyote.

Mengine madogo. Sufuria iwe na masikio mafupi, yenye mkono mrefu haiingii. Ijaze angalau robo tatu, sufuria yenye chakula kidogo ndani ya kapu kubwa inapoa upesi. Ukifungua kuchungulia, umeharibu. Mwanangu mkubwa alichungulia mara tatu siku ya kwanza na tukala kunde ngumu. Likimaliza kazi lianike juani, la sivyo linanuka, na mende wanalipenda kuliko kabati. Nimeona pia linashika baridi: maji ya friji niliyoyafungia asubuhi tuliyanywa baridi saa tisa, umeme haukuwepo.

Je, linastahili 40,000? Lingeshonwa kwa kaniki na kujazwa sufi kweli, halali yake, wala nisingeomba nipunguziwe. Kwa lile nililouziwa, na soksi yake, ningetoa 25,000 na hata hapo ningelibonyeza kila upande. Nikienda tena Ngongo nitakwenda na sindano ya kushonea magunia, nichome katikati nisikilize kuna nini.

Lile la kwanza silo nililo nalo tena. Mama aliondoka nalo mwishoni mwa Desemba, akanibebesha mpaka stendi, mtu mwingine asiliguse. Mimi nimenunua kapu tupu sokoni kwa 9,000 na najishonea langu. Kaniki nimekata, sufi bado sijapata ya kutosha. Juzi alipiga simu kusema njugu mawe zimeiva kapuni, ameziloweka siku mbili. Sijui kama niamini. Mama hajawahi kukiri kushindwa na njugu.