Kliniki tembezi za Beyond Zero: huduma iliyomfuata mama alipo

Miongoni mwa huduma zilizoanzishwa na wake wa marais nchini Kenya, sijaona iliyomjali mama mjamzito wa mashinani kama kliniki tembezi za Beyond Zero, ambazo Margaret Kenyatta alianza kuzichangishia fedha mwaka 2014, akafikia hatua ya kukimbia marathoni ya London mwaka huohuo. Katiba haimpi mke wa rais mamlaka yoyote, na kwa hiyo alichokuwa nacho ni sauti yake tu, ambayo aliitumia vyema hadi kaunti zote 47 zikakabidhiwa gari lenye vifaa vya kuwapima wajawazito na kuwachanja watoto.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba huduma humfuata mama, badala ya mama, tena mwenye mimba kubwa, kutembea mwendo mrefu kuifuata. Kasoro yake, nayo si ndogo, ni kwamba mafuta, dereva na wauguzi waliachiwa serikali za kaunti, na baadhi yake ziliyaegesha magari hayo. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ingestahili iwapo kila gari lingekabidhiwa pamoja na fedha za kuliendesha.